Je, Msiba wa Kujitakia Hauna Kilio?

*Mhariri anajibu barua za wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini kuhusu maadui wa kwenye gemu*

Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 22, ninaishi Uyole jijini Mbeya na ninafanya kazi ya kutengeneza kompyuta. Kaka yangu aliniachia kompyuta yake ya zamani yenye gemu la Warcraft III, nami nililicheza usiku, baada ya kazi, mpaka nikafika mbali. Ndani yake kuna mwana wa mfalme aitwaye Arthas, ambaye anaanza kama mtetezi wa watu wake na baadaye anamuua baba yake mzazi mbele ya kiti cha enzi. Nilipoona hayo niliacha kipanya nikakaa kimya kwa muda mrefu, na machozi yalinilenga. Mjomba wangu alikuwa akiota moto jikoni, akanisikia nikimsimulia mdogo wangu habari hizo, akasema kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio, na kwamba anayemlilia muuaji ana kasoro moyoni. Naomba unieleze kwa nini nilimwonea huruma mtu ambaye najua wazi kwamba ni mwovu.
*Msomaji, Uyole, Mbeya*

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mjomba wako ametumia methali nzito, nami sitaki kuipita haraka. Hebu kumbuka ni wapi umewahi kuisikia ikisemwa. Mara nyingi husemwa msibani penyewe, kwa sauti ya chini, na wanaume waliokaa nje kuzunguka moto, ambao wameshatoa rambirambi zao na kesho yake asubuhi watashika majembe kwenda kuchimba kaburi. Mtu anayeitamka amekwisha kufika, amekwisha kukaa, na pengine atalala hapo hapo kwenye baridi ya Juni. Hukumu iko mdomoni mwake, na huruma iko miguuni iliyomleta. Mambo hayo mawili hukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana, na ndivyo yalivyokaa ndani yako usiku ule.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawalijui gemu hilo, nieleze kwa kifupi. Warcraft III ilitolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment mwaka 2002. Arthas ni mrithi wa ufalme wa Lordaeron, na ni askari wa imani aliyefunzwa na mzee mmoja mwadilifu aitwaye Uther. Kazi ya kwanza anayopewa mchezaji ni kukiokoa kijiji kilichovamiwa. Baadaye unazuka ugonjwa ambao haumwui mtu tu, bali humfufua akiwa mtumwa wa jeshi la wafu, na inagundulika kwamba unasambazwa kwa nafaka iliyotiwa sumu katika mji wa Andorhal na kupelekwa vijijini. Sisi tunaoishi kwa gunia la mahindi, ambalo ndilo ada ya shule na ndilo ugali wa jioni, hatuhitaji kuelezwa sana ukatili wa jambo hilo. Adui ameingia ndani ya chakula, na mama aliyewapikia wanawe ndiye aliyewaua bila kujua.

Sasa angalia jinsi njia yake ilivyopangwa, kwa kuwa jibu la swali lako limo ndani ya mpango huo. Kwanza anaulinda mji wa Hearthglen akiwa na askari wachache, na mchezaji hutakiwa kuvumilia mashambulizi kwa dakika 30 mpaka Uther afike na msaada. Wewe uliyecheza unajua jinsi dakika hizo zinavyochosha. Kisha anafika Stratholme na kukuta nafaka imekwisha kugawiwa. Wakazi bado wanaonekana wazima, lakini yeye anajua kitakachowapata, kwa hiyo anaamuru wauawe kabla hawajageuka. Uther anakataa, na Arthas anamwita msaliti. Jaina, binti aliyempenda, anaondoka akisema kwamba hawezi kutazama jambo hilo likitendeka. Halafu anamfuata adui yake, pepo aitwaye Mal'Ganis, hadi nchi ya barafu ya Northrend. Askari wake wanapoamriwa kurudi nyumbani, yeye anazichoma merikebu kwa siri ili wasiweze kuondoka, kisha anawasingizia mamluki aliowatumia kwa kazi hiyo. Mwisho anauchukua upanga uitwao Frostmourne, ingawa ameonywa kwamba umelaaniwa. Upanga unaimeza roho yake, na anayerudi nyumbani kumwendea baba yake si yule aliyeondoka.

Ukizitazama hatua hizo moja moja, utaona kwamba kila moja ni ndefu kidogo tu kuliko iliyotangulia, na kila moja ina sababu ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuitetea siku ile. Kama angetoka Hearthglen moja kwa moja hadi kumuua mfalme, ungemchukia tu, tena kwa haki. Lakini uliuona mguu wake ukishuka ngazi kwa ngazi, na katika kila ngazi ulikuwepo. Ninaamini hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya huruma yako. Mtu hahurumiwi kwa sababu ya maumivu peke yake. Tunamhurumia pale tunapoijua njia aliyopita na kukumbuka mahali ambapo angeweza kugeuka.

Sababu ya pili ni ya gemu peke yake, na hadithi ya kusimuliwa au ya kuchezwa jukwaani haina uwezo nayo. Kule Stratholme hukuwa mtazamaji. Kazi uliyopewa ilikuwa kuvunja nyumba na kuwaua waliomo kabla Mal'Ganis hajawachukua na kuwatia katika jeshi lake, na kila ulipochelewa yeye alikuzidi. Gemu halikukupa njia ya kumfuata Uther kuondoka. Kwa hiyo uliharakisha, na ndani ya haraka hiyo ulianza kufikiri kama Arthas: kwamba hakuna muda, kwamba wanaokataa hawaelewi, kwamba lawama zitajibiwa baadaye. Ni mkono wako uliobonyeza kipanya. Mtu aliyewahi kushika jembe la mwenzake akalima nalo nusu siku anajua uzito wake kwa namna ambayo aliyekaa kivulini hawezi kuijua, hata akielezwa vizuri namna gani. Ulipomwona akiinua upanga juu ya baba yake, sehemu ya mshtuko wako ilitokana na kujua kwamba njia ile ulisaidia kuitembea.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba tanzia huamsha huruma na hofu: huruma kwa anayepatwa na balaa kupita alivyostahili, na hofu kwa kuwa anafanana nasi. Ndiyo maana alimtaka mhusika wa tanzia awe mtu wa katikati, asiye mtakatifu wala fisadi kabisa, anayeanguka kwa kosa kubwa la uamuzi. Arthas anaingia katika maelezo hayo karibu kwa kila kiungo. Kosa lake lilitoka ndani ya jambo jema, yaani upendo kwa watu wake, ambao ulikua mpaka akaona kwamba yeye peke yake ndiye anayewapenda ipasavyo. Mtu akishafika hapo, kila anayempinga huonekana kuwa upande wa adui, hata kama ni mwalimu aliyemlea.

Hata hivyo, mdogo wangu, kuna jambo moja ambalo mjomba wako ameligusa bila kulitaja, nami lingenisumbua kama ningeliacha. Wewe unalijua jina la Arthas, la baba yake, la mwalimu wake na hata la upanga wake. Je, unalijua jina la mkazi hata mmoja wa Stratholme uliyevunja nyumba yake? Waliandikwa kama umati, wakatoka milangoni wakafa. Hadithi ya aina hii hutupa mwanga wote usoni pa mtenda, na waliotendewa hubaki gizani. Silaumu machozi yako, lakini ningependa siku ukilirudia gemu hilo usimame kidogo kabla ya nyumba ya kwanza. Huruma iliyo timilifu ina nafasi ya wote wawili, na mwandishi mzuri wa gemu hujitahidi kuiacha nafasi hiyo wazi.

Ninaweza kukutajia gemu lililojitahidi hivyo. Katika The Last of Us Part II, la mwaka 2020, msichana aitwaye Abby anamuua kikatili mtu ambaye wachezaji walimpenda tangu gemu la kwanza la mwaka 2013. Baada ya hapo, gemu linamweka Abby huyo huyo mikononi mwa mchezaji kwa saa nyingi, nasi tunajifunza kwamba mtu aliyeuawa ndiye aliyemuua baba yake, daktari wa upasuaji. Baba huyo tulimuua sisi wenyewe katika gemu lile la kwanza, tulipokuwa tukimwongoza mtu huyo kwa haraka ya kumwokoa mtoto, na wengi wetu hatukumtazama usoni mara mbili. Hapo mtu wa umati amepewa jina, na ana binti anayemlilia. Wachezaji wengi walikasirika, na sishangai, kwa kuwa ni vigumu kuombwa ukae kwenye msiba wa mtu uliyemuua.

Nimalizie kwa kukueleza kilichompata Arthas baadaye, kama bado hujafika huko. Katika World of Warcraft, gemu jingine la kampuni hiyo hiyo, kwenye sehemu iitwayo Wrath of the Lich King iliyotoka mwaka 2008, anashindwa, upanga wake unavunjwa, na roho zilizokuwa zimefungwa ndani yake zinaachiliwa. Miongoni mwazo ni ya baba yake. Mzee huyo hamlaani. Anapiga magoti karibu naye, na mwana anamwuliza kama yote yamekwisha. Umweleze mjomba wako tukio hilo, halafu umwulize yeye kama mzazi angefanya nini pale.

---

Ndugu Mhariri, sisi ni vijana wa kibanda kimoja cha gemu hapa Tukuyu, na tumegawanyika. Wengine tunasema Big Smoke wa GTA San Andreas anastahili kuhurumiwa alipokufa, wengine wanasema msaliti ni msaliti. Tuamulie.
*Vijana watano, Tukuyu, Rungwe*

Jibu: Wadogo zangu, naona kila upande una kipande cha haki, lakini upande wa pili una kipande kikubwa zaidi.

Gemu hilo la mwaka 2004 linatufanya tuishi na Big Smoke kama rafiki wa nyumbani. Tunapanda naye gari, anaagiza chakula kingi kuliko wote, anatania, tunakimbia naye kwenye pikipiki kufuata treni. Kisha tunagundua kwamba ameungana na maadui wa mtaa wake mwenyewe. Uchungu tunaousikia ni wa kweli, kwa sababu aliyekula nawe sahani moja akikugeuka, huumiza kuliko adui wa siku zote. Mwishoni, akiwa amelala amejeruhiwa, anakiri kwamba fedha na madaraka vilimteka, na CJ, yule tunayemwongoza katika gemu, anabaki akisikitika kwamba maisha yamepotea bure.

Lakini njia ya Big Smoke hatukuonyeshwa. Hatukuwepo siku aliyoshawishiwa, hatujui alilala usingizi gani usiku wa kuamkia usaliti, wala hatuna pahali pa kusema, "Hapa angegeuka." Tuna mwanzo na tuna mwisho, na katikati pana shimo. Kwa hiyo masikitiko tuliyo nayo ni ya urafiki uliokufa, ambao ni wetu sisi na CJ, na kwa Smoke mwenyewe yanabaki machache. Waandishi wa gemu nyingi hujaribu kuliziba shimo la aina hiyo kwa kumpa adui hotuba ya dakika mbili kabla ya kufa, akieleza utoto wake wa shida. Hotuba ya namna hiyo ni kama kiraka kilichobandikwa bila kushonwa, na mchezaji huhisi anadaiwa huruma ambayo hakukopeshwa. Angalau Big Smoke hakudai. Alikiri tu, na kwa hilo ninampa heshima kidogo.

---

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili wa kiume, Kihesa, Iringa. Mkubwa ana miaka 19 na anapenda gemu la God of War, lile la mwaka 2018. Juzi alinisimulia habari za adui aitwaye Baldur anayetaka kumuua mama yake mzazi, na mwanangu alikuwa akimtetea. Alisema, "Mama, yule mama yake ndiye aliyemharibu." Nilinyamaza, lakini usiku sikulala. Je, gemu hizi zinamfundisha mtoto kuchukia wazazi? Na mdogo wake wa miaka 10 hukaa pembeni akitazama.
*Mama, Kihesa, Iringa*

Jibu: Dada yangu, nianze na huyo mdogo, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Gemu hilo limewekewa alama ya umri wa miaka 18 huko Ulaya kwa sababu ya ukatili wake. Mtoto wa miaka 10 asikae pale, na kaka yake akielezwa hivyo kwa upole ataelewa.

Kuhusu mkubwa, naomba nikusimulie hadithi yenyewe, kwa sababu nadhani hukusimuliwa yote, na wewe kama mzazi una haki ya kuijua. Waandishi wake waliichota kutoka katika ngano za kale za watu wa Skandinavia. Mama wa Baldur anaitwa Freya, na si mama mbaya. Alipata maono kwamba mwanawe atakufa kifo kisicho na maana, akashikwa na hofu ambayo kila mama anaijua, akamfanyia uganga asiweze kudhuriwa na kitu chochote. Uganga ulifanya kazi. Lakini uliondoa pia kila hisia: Baldur hasikii maumivu, wala ladha ya chakula, wala joto la jua, wala mkono wa mtu begani mwake. Alimwomba mama yake amwondolee, na hakuondolewa. Ameishi hivyo kwa karne nzima, mzima wa mwili, na chuki yake imekua ndani ya ukimya huo.

Jambo ambalo naamini lilimgusa mwanao ni jinsi gemu linavyoificha habari hiyo. Baldur anapotokea mara ya kwanza ni mgeni asiyejulikana, mwembamba, anayegonga mlango wa shujaa Kratos na kuanzisha ugomvi, naye anapigwa vipigo vya kutisha bila kuonyesha dalili ya maumivu. Mchezaji anadhani hiyo ndiyo nguvu yake, na anamwogopa kwa ajili hiyo. Saa nyingi baadaye anakuja kutambua kwamba kile alichodhani ni nguvu ndicho kidonda. Inambidi akumbuke upya ugomvi wote wa kwanza, na kumwona mtu aliyekuwa akitafuta kupigwa ili ahisi chochote. Mtu aliyeongozwa vizuri hadi kwenye ugunduzi wa aina hiyo hawezi kubaki na chuki peke yake.

Kwa hiyo mwanao hakukosea aliposema mama alihusika. Alichoacha ni nusu ya pili, na hapo ndipo ningependa uingie. Kidonda cha Baldur kilitoka kwa mama, lakini watu aliowaumiza baadaye, kuanzia kijana mdogo wa Kratos, hawakumtia kidonda hicho. Wala Freya hakufanya alilofanya kwa ubaya. Hofu yake ilikuwa kubwa kuliko uwezo wake wa kusikiliza. Gemu lenyewe linazishika nusu zote mbili: mwishoni Baldur anamkaba mama yake, na mama yuko tayari kufa kama kifo chake kitamponya mwanawe, kisha Kratos anamuua Baldur ili kumwokoa Freya. Freya hashukuru. Anamlaani Kratos, ananyanyua maiti ya mwanawe na kuondoka nayo. Mimi niliisoma huruma hapo pande zote, kwa mama, kwa mwana, na hata kwa yule aliyemuua akijua atachukiwa.

Sioni kwamba kijana wa miaka 19 anayelihisi hilo amefundishwa kuchukia wazazi. Lakini alikuambia wewe, dada, hakumwambia rafiki yake wa kijiweni, na kwa maoni yangu jambo hilo linafaa kukutuliza kiasi cha kumwuliza bila hasira kama kuna kitu anachotaka kusema kuhusu nyumba yenu. Pengine hakuna. Pengine kuna ruhusa aliyonyimwa, safari au fani aliyoikatazwa kwa hofu ya mzazi, na amepata maneno yake kupitia kwa Baldur. Akisema, msikilize mpaka amalize kabla hujajibu.

Ukikosa pa kuanzia, mwombe akusimulie dakika za mwisho. Uganga ulivunjika kwa bahati tu, pale kipande cha mmea mdogo uotao juu ya miti mingine kilipomchoma Baldur mkononi, naye akafurahi kama mtoto kwa kusikia maumivu. Kisha, shingo ikiwa imeshavunjika, theluji ikaanza kuanguka. Sisi tuliozoea sakitu ya asubuhi kule Makete na Njombe tunaijua baridi ya namna hiyo ngozini. Baldur alikuwa hajaihisi kwa karne nzima, na neno lake la mwisho lilikuwa jina la theluji hiyo.